Mnyonya damu hahitaji ngome, anahitaji hati ya nyumba

Riwaya inayojulikana kuliko zote za mnyonya damu haianzi na popo wala jeneza. Inaanza na ratiba ya treni. Wakili kijana, Jonathan Harker, anaandika katika shajara yake kwamba aliondoka Munich tarehe 1 Mei saa 2:35 usiku, akaingia Vienna asubuhi yake, na kwamba treni iliyotakiwa kufika saa 12:46 ilichelewa saa nzima. Safari ni ya kikazi. Kuna mteja huko Transylvania anayenunua nyumba kubwa nje kidogo ya London, na Harker anampelekea makaratasi. Bram Stoker alitoa Dracula mwaka 1897. Ukiweka kando meno na damu, sura za mwanzo za kitabu kile ni habari ya mauziano ya nyumba.

Nasema hivi kwa sababu miswada ya riwaya za kutisha ninayosoma siku hizi, mingi ya vijana wanaoandika vizuri tu, huanzia mahali pengine kabisa. Huanzia kwenye sura ya mahali. Ngome juu ya mlima, ukungu, kunguru, mlango unaolia. Mwandishi amezunguka mtandaoni akitafuta picha ya jengo linalotisha, akalipata, akamweka mnyonya damu wake humo. Sasa muulize: huyu bwana analipaje kodi ya kiwanja? Nani anamfulia mashuka? Barabara ya kufika kwake inapitika masika? Hapo kimya. Mahali pa kweli pana faida kwa riwaya ya aina hii pale tu panapompa mnyonya damu shughuli ya kufanya na njia ya kuingilia. Giza na magofu havipungui duniani, na vikikosekana mtu anaweza kuvibuni akiwa amekaa.

Stoker mwenyewe hakuwahi kufika Transylvania. Madokezo yake ya kazi, ambayo leo yamehifadhiwa katika makumbusho ya Rosenbach huko Philadelphia, yanaonyesha kwamba mwanzoni alimpangia mnyonya damu wake makao Styria, ndani ya Austria, halafu akahamia mashariki zaidi. Transylvania wakati ule ilikuwa chini ya ufalme wa Hungaria. Leo ni sehemu ya Romania. Alichojua kuihusu alikipata vitabuni, hasa kwa Emily Gerard, ambaye mwaka 1885 alikuwa ameandika kuhusu imani za watu wa kule. Basi mtu atasema: kumbe inawezekana kuandika mahali usipopajua. Ndiyo, inawezekana, ila tazama alivyofanya. Hakujifanya mwenyeji. Kila kitu cha kule tunakiona kwa macho ya mgeni anayeandika kila anachokutana nacho: chakula cha kuku wa pilipili kilichomtia kiu, kiasi cha kujikumbusha amwombee mchumba wake namna ya kukipika, mavazi ya wanavijiji, wenye hoteli wanaopiga ishara ya msalaba wakisikia anakokwenda. Mapengo ya mwandishi yakawa mapengo ya mhusika. Harker haelewi lugha ya watu wanaomwonya, na sisi hatuielewi pia, na hofu inaingilia hapo hapo.

Kuna jambo dogo katika kurasa zile za kwanza ambalo kwangu ni somo zima la ufundi. Harker anaeleza kwamba kabla ya kuondoka London alikwenda maktaba ya British Museum kutafuta ramani, na hakuna ramani iliyomwonyesha ngome ya mteja wake iko wapi hasa. Mji wa Bistritz aliuona, upo, na leo unaitwa Bistrița. Njia ya milimani ya Borgo ipo. Miji yote anayopitia kwa treni ipo. Ni ngome peke yake isiyokuwa kwenye karatasi. Stoker amechora duara la mahali pa kweli, akaacha tundu moja katikati, na ndani ya tundu hilo ndimo alimoweka jambo lake. Tundu lisingetisha kama mazingira yote yangekuwa ya kubuni, na kama kila kitu kingekuwa cha kweli, msomaji angeanza kubishana naye kuhusu idadi ya madirisha.

Mchezo huo huo anaurudia Uingereza. Purfleet, kando ya mto Thames, ni mahali pa kweli; nyumba ya Carfax iliyoko humo ni ya kubuni. Makaburi ya Kingstead anamozikwa Lucy, msichana aliyenyonywa na Dracula, hayapo, lakini Hampstead iliyo jirani yake ipo. Na yale masanduku 50 anayosafiri nayo Dracula, yenye udongo wa kwao ambamo lazima alale, yanahesabiwa kama mzigo wa mfanyabiashara yeyote: sita yamepelekwa mtaa wa Chicksand, mashariki ya London, sita Bermondsey, ng'ambo ya mto, tisa Piccadilly, kwa wakubwa, 29 yamebaki Carfax. Anayejua London anaona papo hapo kwamba mtu huyu ameuzunguka mji, kwenye vichochoro vya maskini na kwenye mtaa wa matajiri vilevile. Harker anaieleza hatari hiyo katika shajara yake, lakini hakuhitaji. Anwani zimeeleza.

Lakini pale Stoker alipofika kwa miguu yake mwenyewe, maandishi yanabadilika. Pale ni Whitby, mji wa wavuvi katika pwani ya Yorkshire, alikokwenda mapumzikoni kiangazi cha mwaka 1890 na kupanga chumba Royal Crescent, upande wa magharibi wa mji. Katika maktaba ya pale aliazima kitabu cha William Wilkinson cha mwaka 1820 kuhusu Wallachia na Moldavia, nchi zilizopakana na Transylvania, na humo akakutana na jina Dracula. Kabla ya hapo mhusika wake aliitwa Count Wampyr, jina ambalo, tuseme ukweli, lisingefika mbali. Yaani mtu anayedhaniwa kuwa zao la milima ya Carpathia alipewa jina lake katika mji wa samaki wa Kiingereza. Stoker alizungumza na walinzi wa pwani, akaandika habari za meli zilizovunjika. Mojawapo ilikuwa meli ya Kirusi, Dmitry, kutoka Narva, iliyotupwa ufukweni Oktoba 1885 ikiwa imebeba mchanga. Katika riwaya ikawa Demeter kutoka Varna, nayo imebeba mchanga, pamoja na yale masanduku. Nahodha amekufa akiwa amejifunga kwenye usukani, na mbwa mkubwa anaruka kutoka melini na kupotelea gizani.

Whitby imegawanywa na bandari. Upande mmoja nyumba za kupangisha wageni. Upande wa pili, juu ya jabali, kanisa la Mtakatifu Maria lenye makaburi yake na magofu ya abasia, yaani nyumba ya watawa ya zamani, na ngazi 199 za kupanda kufika huko. Usiku mmoja Mina, yule mchumba wa Harker, anaamka na kukuta kitanda cha rafiki yake Lucy ni kitupu. Anatoka, anasimama jabali la magharibi, na ng'ambo ya maji anamwona Lucy amekaa kwenye benchi lao makaburini, mwezi unamulika, na kitu cheusi kimeinama nyuma yake. Anamwona, lakini kumfikia ni lazima ashuke ngazi mpaka gatini, apite soko la samaki, avuke daraja, ambalo ndilo njia pekee, kisha apande ngazi zote zile za upande wa pili. Kwa muda wote huo kile kitu kinaendelea na kazi yake. Tukio hilo lisingewezekana katika mji usio na maji katikati. Stoker hakulazimika kubuni chochote. Aliutembea mji, akajua ni wapi mtu anaweza kuona bila kufika. Aliyewahi kukwama kivuko cha Likoni usiku akitazama taa za Mombasa ng'ambo anaielewa hali hiyo bila kuelezwa.

Halafu yupo mzee Swales. Anakaa makaburini, anapiga soga kwa Kiyorkshire kizito kinachowasumbua wasomaji hadi leo, na kazi yake kubwa ni kuyasuta mawe ya makaburi. Anasema mawe haya yanadanganya. Yameandikwa kwamba hapa amelala fulani, na huyo fulani alizama bahari za mbali, mwili haukurudi. Makaburi matupu kwa wingi, na yote yana majina. Mji wa mabaharia ndivyo ulivyo, na ndiyo maana mtu asiyekufa anapoingia pale anakuta mji umeshazoea kwamba jina la kwenye jiwe na mwili ulio chini yake ni mambo mawili tofauti. Hata jiolojia inasaidia: Mina anaandika kwamba sehemu ya ukingo imeporomoka na makaburi mengine kuharibika, na katika majira ya baridi ya kuingia mwaka 2013 maporomoko ya kweli yalitoa mifupa ya watu ubavuni mwa jabali lile lile.

Sasa linganisha na walichofanya wasomaji na wenye mahoteli. Walitaka ngome, wakaitafuta. Wakaipata Bran, karibu na Brașov, jengo zuri lenye minara, lililo karibu kilomita 200 kusini mwa njia ya Borgo na lisilotajwa popote kitabuni. Vlad wa karne ya 15, aliyeitwa Dracula, alitawala Wallachia, na Bran haikuwa makao yake. Kinachonichekesha ni kwamba historia halisi ya Bran ni ya forodha: ilisimamia njia ya biashara kati ya Transylvania na Wallachia, na wafanyabiashara walilipishwa ushuru hapo. Kwa mnyonya damu wa Stoker, mwenye masanduku 50 ya kusafirisha, kituo cha forodha kina maana kuliko minara. Hilo halimo kwenye mabango ya watalii. Kwenye njia ya Borgo yenyewe, mwaka 1983, ilijengwa hoteli iitwayo Castel Dracula, kwa hiyo lile tundu la ramani limezibwa kwa saruji.

Mahali pa kweli hulipa gharama, na mwandishi anapaswa kulijua hilo mapema. Wengine hufurahi: Whitby, Mei 2022, watu 1,369 walikusanyika kwenye abasia wakiwa wamevaa kama wanyonya damu na kuvunja rekodi ya dunia. Wengine hukataa: Romania ilipotaka kujenga bustani kubwa ya burudani ya Dracula karibu na Sighișoara, mji mkongwe ulio katika orodha ya urithi wa dunia tangu 1999, upinzani ulikuwa mkubwa na mpango ukafa. Na wengine huvamiwa tu. Tarehe 13 Machi 1970 umati uliruka kuta za makaburi ya Highgate, London, kumsaka mnyonya damu aliyetangazwa kwenye habari. Waliozikwa pale hawakuulizwa.

Nirudi kwetu. Mwandishi wa Kiswahili anayetaka kuandika riwaya ya aina hii atavutwa kwanza na Gede. Siwezi kumlaumu. Mji wa mawe ndani ya msitu, karibu na Watamu, pwani ya Kenya, uliohamwa na watu wake karne kadhaa zilizopita, mizizi imekumbatia kuta, nyani wanarandaranda. Picha zote zipo. Ila Gede ni Bran yetu: pana sura, hapana shughuli. Mnyonya damu atakayekaa Gede atakufa njaa au atakula watalii, na vyote viwili ni vichekesho.

Wazee wetu walichagua vizuri zaidi. Habari za mumiani, zilizoenea enzi za ukoloni kutoka pwani hadi Nairobi na Kampala, hazikumweka mnyonya damu magofuni wala makaburini. Zilimweka kituo cha zimamoto. Wachukua damu walikuwa watu wenye sare, wanaolipwa mshahara, wenye gari, wanaotumwa na bwana fulani asiyeonekana. Mwanahistoria Luise White alikusanya simulizi hizi na kuzitolea kitabu mwaka 2000, akionyesha jinsi zilivyofanana kutoka nchi moja hadi nyingine: zimamoto huku, banyama kule Zambia. Mimi si mwanahistoria, ila kama msomaji wa riwaya naona uteuzi wa kipekee. Fikiria kituo cha zimamoto katika mji wa kikoloni: gari jekundu linalong'arishwa kila siku na kutoka mara chache, wanaume wenye nguvu wanaosubiri, mipira ya maji, milango mipana inayofunguliwa ghafla usiku. Mtu wa kawaida anapita mbele yake kila siku akienda kibaruani na hajui hasa kinachofanyika ndani. Serikali inalipa watu kukaa tu? Lazima kuna kazi nyingine. Uvumi ukajaza lile tundu. Ni duara na tundu lile lile la Stoker, ila hili limetengenezwa na watu barazani, bila ya maktaba.

Ubaya ni kwamba uvumi wa namna hii haujafa, na mwandishi hawezi kujifanya hajui. Malawi, Oktoba 2017, Umoja wa Mataifa uliondoa wafanyakazi wake wilaya za Mulanje na Phalombe baada ya watu kuuawa kwa kushukiwa kuwa wanyonya damu. Kanda ya Ziwa huku kwetu vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kinyesi cha ng'ombe wanachopikia. Kwa hiyo msimamo wangu ni mkali kidogo: kijiji cha kweli chenye jina lake kisiwe nyumbani kwa mnyonya damu, na hasa mnyonya damu asiwe mwanakijiji maskini. Weka jina la kweli kwenye wilaya, barabara na bandari. Nyumba yenyewe ibuni. Na mwenye nyumba awe mtu mwenye fedha, kama alivyokuwa yule wa kwanza, ambaye Harker alimkuta amejilaza kwenye kochi akisoma kitabu cha ratiba za treni za Uingereza.

Ningechaguliwa kumshauri mtu mahali pamoja tu, ningesema Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, Tanzania. Unapanda kutoka Muheza, joto linabaki chini, ukungu unashuka juu ya miti iliyoletwa kutoka pembe zote za dunia. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti pale mwaka 1902, kwa ajili ya mimea na kilimo. Waingereza wakakirithi, na baadaye pakawa makao ya utafiti wa malaria. Malaria maana yake damu. Maana yake watu wenye vigae vya kioo na sindano kupita vijijini wakichoma watu vidole, kuandika majina na namba kwenye daftari, na kuondoka na matone. Watafiti waliochukua damu sehemu nyingi za Afrika Mashariki walikutana na minong'ono ya mumiani, na ukiwa upande wa anayechomwa kidole unaona kwa nini. Mnyonya damu wa Amani asingekuwa na sababu ya kuuma mtu shingo. Angekuwa na hadubini, jokofu na kibali chenye muhuri, na daftari lake lingekuwa nadhifu kuliko la mwenzake yeyote.

Jiografia nayo ingemfanyia kazi. Whitby katikati ya Juni usiku una urefu wa kama saa saba tu, na mnyonya damu anayeogopa jua, kanuni ambayo kitabu cha Stoker hakina na iliyoletwa na filamu ya Kijerumani ya mwaka 1922, angekuwa mtu wa haraka haraka. Muheza usiku una urefu wa karibu saa 12, Januari na Julai, hivyo anafanya kazi kwa zamu isiyobadilika. Kuna pia sharti la kukaribishwa: katika riwaya ya Stoker hawezi kuingia nyumba kwa mara ya kwanza mpaka mmoja wa wakazi amwite. Mwambie hilo mtu aliyepanga chumba katika nyumba ya ukumbi mmoja na vyumba sita. Mgeni akipiga hodi, anaitikiwa "karibu" na sauti yoyote iliyo karibu, mara nyingi mtoto, kabla uso haujaonekana. Je, karibu ya mpangaji wa chumba cha nyuma inafungua na mlango wa mwenye nyumba? Hapo kuna sura nzima ya kitabu, na hakuna mwandishi wa Ulaya anayeweza kuiandika vizuri kuliko binti aliyekulia Tandale.

Na udongo je? Dracula alishusha masanduku yake Whitby, wakili wa pale akaandika barua kwa wasafirishaji London, na siku chache baadaye mzigo ulikuwa umesafiri kwa reli hadi King's Cross. Jaribu kupitisha masanduku 50 ya udongo wa nje bandari ya Tanga leo. Watu wa karantini ya mimea watataka cheti, sampuli itachukuliwa, wakala wa forodha atasema ni wiki, mzigo utakaa, gharama za uhifadhi zitapanda kila siku, na mwenye mzigo hapatikani kwa simu mchana. Kwa mwandishi mvivu huo ni usumbufu wa kurukwa kwa sentensi moja. Mimi ningeanzia riwaya papo hapo, na mhusika mkuu angekuwa yule karani wa wakala anayetumwa kufungua sanduku la kwanza mbele ya mkaguzi.